KINGA MILIMANI: TUPANDE NGAZI MOJA MOJA



Vakansi kubwa inakaribia, na kila siku tunasikia vijana wakisema: "Sisi tutakwenda na kinga mpaka ng'ambo ya mlima." Ni neno zuri. Lakini tukiuliza nani amekwisha kushuka njia ya mawe hata mara moja, wengi wananyamaza. Kuzunguka kiwanja cha mpira ni kitu kimoja. Kushuka kijia chembamba chenye mizizi, mawe na mifereji ya mvua, tena na mzigo nyuma, ni kitu kingine kabisa. Kwa hivi tumeona vema kueleza hapa ginsi watu wa mchezo huu wanavyotoka njia nyepesi mpaka njia ngumu, ili safari isigeuke kilio.

Kinga ya mlima ilitoka wapi?

Katika miaka ya 1970, kule California (Marekani), vijana fulani walikuwa wakishuka milima kwa kinga nzee zenye mipira minene. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano yao karibu na mji wa Fairfax. Njia yao ilikuwa ya udongo, urefu wake kilometa 3 na zaidi kidogo, nayo ilishuka karibu meta 400. Freni ya kinga zile ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: unakanyaga pedali kinyumenyume, inakamata. Kufika kule chini, grisi ya ndani ilikuwa imekwisha kuungua na kutoa moshi. Ilibidi kujaza grisi mpya. Ndiyo sababu mashindano yale yaliitwa Repack, maana yake "kujaza tena". Baadaye watu kama Joe Breeze, Tom Ritchey na Gary Fisher walitengeneza kinga zenye nguvu zaidi, na mwaka 1996 mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Moto ule ulitoka wapi? Hapa tuulize kilasi ya fizika. Tuseme mtu na kinga yake ni kilo 80, naye anashuka meta 400. Tunapiga hesabu: 80 x 9,8 x 400 = joule 313 600. Nguvu hiyo inatosha kuchemsha lita moja ya maji iliyokuwa na digri 25! Sehemu moja inachukuliwa na upepo, lakini kama hutaki kukimbia ovyo, nyingine kubwa lazima ipite kwa freni. Fikiri basi: vipande vidogo vya mpira vinabeba moto wa sufuria nzima.

Tena kuna jambo la pili. Ukiongeza mbio mara mbili, nafasi ya kusimamia haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Anayesimama kwa meta 3 akienda kilometa 15 kwa saa, atahitaji meta 12 akienda 30. Na kwa mtelemko ni zaidi. Hata wenye chukudu wa Kivu wanalijua jambo hili kwa miguu yao, kwa sababu freni yao ni kipande cha mpira wa gari juu ya gurudumu la nyuma, wanakikanyaga.

Kupima ugumu wa njia

Neno "ngumu" peke yake halina maana, kwa kuwa kila mtu anapima kwa kiburi chake. Wajuzi wa mchezo wamefanya alama, wakifwata zile za watu wanaoteleza juu ya theluji. Tunaandika tatu:

- Duara la kijani (nyepesi): upana wa njia sentimeta 90 au zaidi, mtelemko wa kadiri asilimia 5 au chini yake, jiwe au mzizi usioweza kuukwepa hauzidi sentimeta 5.
- Mraba wa buluu (ya katikati): upana sentimeta 60, mtelemko wa kadiri mpaka asilimia 10, kizuizi mpaka sentimeta 20.
- Almasi nyeusi (ngumu): upana sentimeta 30, mtelemko wa kadiri mpaka asilimia 15, kizuizi mpaka sentimeta 38.

Sisi wenyewe tunaweza kupima vijia vyetu bila chombo cha bei kali. Chukua ubao wa meta 2 na chupa iliyojaa maji karibu yote. Laza ubao kwa kufwata njia, laza chupa juu yake, kisha inua ule upande wa chini mpaka povu likae katikati ya chupa. Pima nafasi iliyo chini ya ubao: sentimeta 10 ni asilimia 5, sentimeta 20 ni asilimia 10, sentimeta 30 ni asilimia 15. Rudia pahali kumi, kisha tafuta kadiri yake.

Ngazi tano

1. Mwili kwanza. Mazoezi haya yafanyike pahali pa tambarare. Shusha kiti. Simama juu ya pedali, zote mbili ziwe sawasawa, si moja juu na nyingine chini. Magoti na viwiko vikunjwe kidogo. Macho yatazame meta nyingi mbele, si gurudumu, maana kinga inafwata macho: ukikazia jiwe macho, utaligonga. Chora mistari miwili yenye nafasi ya sentimeta 60 katikati, pita polepole kuliko mtu anayetembea. Ukiweza, punguza mpaka 30. Asiyeweza kwenda polepole hajaweza bado kwenda mbio.

2. Freni. Weka alama chini, jifunze kusimama juu yake, kwanza kwenye majani, kisha kwenye udongo wenye changarawe. Freni ya mbele iko na nguvu zaidi, lakini ukiikamata kwa ghafula kwenye mtelemko itakurusha juu ya usukani. Kamata zote mbili pole pole, na rudisha makalio nyuma ya kiti. Kwa mtelemko mrefu kamata, achia, kamata, achia. Na mara kwa mara simama ili zipoe. Usiguse rimu kwa kidole wakati ule, utaungua.

3. Vizuizi. Anza na kijiti cha sentimeta 5. Inua gurudumu la mbele kidogo, halafu leta uzito mbele ili la nyuma lipite jepesi. Kisha kipande cha mti cha sentimeta 10, kisha 20.

4. Mtelemko wenyewe. Shuka kwanza kwa miguu, ukichagua pahali pa kupitisha gurudumu. Hata mabingwa wa dunia wanakagua njia kwa miguu kabla ya mashindano, basi sisi ni nani tuone haya? Kisha shuka na kinga. Ukishuka mara tatu bila kutia mguu chini, nenda kwa njia inayofwata. Kama sivyo, baki pale pale.

5. Mzigo na uchovu. Funga mzigo chini na ukaze sana, ndipo urudi kwa njia unayoijua. Jaribu tena saa za jioni, miguu ikiwa imechoka, kwa sababu safari haitakungoja upumzike.

Sheria moja inashika zote tano: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Njia mpya, basi bila mzigo. Mzigo mpya, basi njia ya zamani. Na mvua ikinyesha, ile njia ya jana imekuwa mpya: udongo wetu mwekundu unateleza kama sabuni, na freni za mpira zinakawia kukamata.

Kuchagua njia ya safari

Wengi wanakosea hapa. Wanachagua njia ya safari kwa kipimo cha siku yao nzuri kuliko zote. Haifai. Ukiwa umezoea buluu, panga safari ya kijani yenye buluu kidogo. Safarini utakuwa na mzigo, njaa, jua na pengine mvua, nayo hospitali iko mbali. Ngazi moja ya akiba ndiyo freni yako ya tatu.

Kabla ya kuondoka tazama nyaya za freni, mipira yake, njugu za magurudumu na cheni. Beba pompi, viraka na solusheni. Vaa kofia ngumu. Asiyekuwa nayo asiguse almasi kabisa.

Tena, kundi liende kwa mwendo wa yule wa polepole. Mtu akishuka kwenye kinga na kuisukuma, asichekwe. Mara nyingi kicheko cha wenzake ndicho kinachomtuma kijana kwenye mtelemko asiouweza, na mkono ukivunjika, wanaocheka hawatamwandikia mtihani. Haraka haraka haina baraka. Tunaisema kila siku, basi tuishike na juu ya kinga.

Yamebaki majuma machache. Wanaotaka kujifunza waanze na ngazi ya kwanza Jumamosi hii, katika kiwanja, baada ya kazi za mikono. Na wale watakaopima vijia vinavyozunguka masomo yetu watuletee hesabu zao. Tutaziandika hapa, kila njia na alama yake, ili atakayepita nyuma yetu ajue anapoweka gurudumu.