Pancha Katika Theluji: Somo Tulilolipata Kando ya Barabara Minnesota

Watu wetu wana msemo unaowatoka mdomoni kila gari linapoharibika njiani: ajali haina kinga. Ni msemo wa kufariji, na aliyefikwa na msiba au hasara huuhitaji. Lakini upo wakati msemo huo hugeuka mto wa kulalia uzembe. Sisi tuliulalia mto huo kwa siku tatu, hadi usiku mmoja wa Januari ulipotuamsha kando ya barabara kuu nambari 94, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, baridi ikiwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi.

Tunayaandika haya kwa kuwa familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina mtoto, ndugu au mkwe anayeishi Marekani, Kanada au kaskazini mwa Ulaya, na wapo wazee wanaofunga safari kwenda kuwatembelea. Yaliyotupata hayakuwa makubwa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alitustiri. Yangeweza kuwa makubwa mno.

Swali la mgeni

Garini tulikuwa watu watano: baba watoto kwenye usukani, mama yake mzazi kando yake, na sisi kiti cha nyuma pamoja na watoto wawili. Mama mkwe alikuwa amewasili kutoka Tanga wiki mbili kabla, na hiyo ndiyo ilikuwa theluji yake ya kwanza. Tulikuwa tumekwenda mji wa St. Cloud kumpongeza ndugu aliyejifungua, mwendo wa kilomita 105 hivi kutoka Minneapolis tunakoishi. Katika mwezi wa Januari, Maghrib huko huingia mnamo saa kumi na moja jioni. Tukasali, tukaagana na wenyeji, tukaingia garini giza likiwa limekwisha kutanda.

Gari lilipowashwa, mama alinyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Mwanangu, hiyo taa ya njano ni ya nini?"

"Ni baridi tu, mama. Huwaka yenyewe wakati huu wa mwaka."

Mama akanyamaza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa swali la mgeni analijibu kabla ya kulisikia.

Jawabu lile lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo iliyotuponza. Ni kweli kwamba hewa hunywea inapopoa. Tairi hupoteza takriban paundi 1 ya msukumo kwa kila nyuzijoto 5 na nusu za Selsiasi zinazoshuka. Tairi lililojazwa paundi 32 siku ya nyuzijoto 20, mwanzoni mwa Septemba, litabaki na paundi 25 hivi katika baridi kama ya usiku ule, hata kama halina tundu lolote. Nayo taa ile, ambayo sheria ya Marekani imeilazimu katika magari madogo yote mapya tangu toleo la mwaka 2008, huwaka msukumo unapopungua kwa robo chini ya kiwango kilichowekwa na kiwanda. Kwa hiyo baridi huweza kweli kuiwasha. Lakini taa haina ulimi wa kueleza kama kilichopunguza hewa ni baridi au ni msumari. Anayeweza kueleza ni kipimo cha mkononi, kinachouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vipuri. Chetu kilikuwa kabatini nyumbani.

Dakika 20 nje

Tulipoupita mji mdogo wa Clearwater, gari lilianza kuvuta upande wa kulia, kisha tukasikia mpira uliolala ukipigapiga lami. Baba watoto akawasha taa za tahadhari na kusogea polepole hadi pembeni. Akarudi nyuma kidogo ili tukae mbali zaidi na magari yapitayo. Huko nyuma palikuwa na tuta la theluji lililosukumwa na magari ya kusafishia barabara. Hatukulitazama.

Nyumbani, pancha ni shughuli ya watu. Dereva hukata matawi na kuyalaza barabarani ili wanaokuja wapunguze mwendo. Vijana hujitokeza, huyu ashika jeki, yule aweka jiwe nyuma ya gurudumu, na kila mmoja ana ushauri. Ikiwa spea nayo imelala, fundi pancha hayuko mbali, na tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya njia ndilo bango lake. Baba watoto alikulia katika desturi hiyo. Alishuka bila kofia, koti halijafungwa, kama mtu anayeshuka Segera.

Lakini kule hapakuwa Segera. Chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ila baridi ikipita nyuzijoto 9 hivi chini ya sifuri nguvu yake hupungua sana. Pembeni tuliposimama palikuwa na barafu tupu, inayong'aa kama kioo. Chumvi hiyohiyo huzila nati za magurudumu na kuzitia kutu. Nati ya kwanza iligoma, na ya pili vilevile. Glavu zikawa zinateleza kwenye spana, akazivua. Alipoanza kuliinua gari, jeki iliteleza juu ya barafu na gari likashuka kwa kishindo. Mkono wake ulikuwa umetoka chini ya gari muda mfupi tu uliotangulia.

Mama akashusha kioo. "Rudi ndani, mwanangu."

"Namalizia, mama."

Aliliegemea tairi la akiba ili ainuke, nalo likabonyea chini ya kiganja chake. Tangu tulinunue gari lile, hakuna aliyewahi kulipima. Aliporudi ndani alikuwa amekaa nje dakika 20, na ncha za vidole vyake vitatu zilikuwa nyeupe kama nta.

"Haviumi tena," akasema, kana kwamba anatupa habari njema.

Swali la simu

Tulipiga 911. Tukataja namba iliyokuwa kwenye kibao kidogo cha maili kando ya barabara, kwa maana gizani na katika theluji hakuna alama nyingine ya kumwelekeza mtu. Aliyepokea aliuliza tuko wangapi, kama kuna mzee au mtoto, na kama injini inanguruma. Tukamjibu kwamba inanguruma, ili tupate joto. Ndipo akauliza swali ambalo hatutalisahau: bomba la moshi liko wazi?

Hakuna aliyejua. Tulitazamana. Mtoto mdogo alikuwa amelala begani mwetu, na ghafla usingizi ule haukutupendeza. Tukamtikisa mara moja, mara ya pili. Akaamka akilia, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni kuliko maneno yoyote.

Injini ikazimwa, vioo vikashushwa. Tulijifunga mtandio hadi puani, tukavaa glavu na kwenda nyuma ya gari. Zaidi ya nusu ya bomba ilikuwa imezama katika lile tuta. Kila mwenye jiko la mkaa anaijua hatari hii, maana hewa inayowaua watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa ndiyo hiyohiyo itokayo katika injini. Ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Bomba likizibwa na theluji, hewa hiyo hupenya chini ya gari na kuingia ndani, na humkuta mtu akidhani ni usingizi wa uchovu.

Tukaifukua theluji kwa kile kipanguso cha vioo. Yule wa simu akatuelekeza kuwasha injini kwa dakika 10 katika kila saa, tukiacha kioo kimoja wazi kidogo upande usiopigwa na upepo, na kulitazama bomba kila mara kabla ya kuwasha.

Mama naye alikuwa amekwisha kuishika mikono ya mwanawe, akitaka kuichua kwa mafuta kama afanyavyo mzee yeyote wa kwetu. Tukaambiwa hapana: ngozi iliyoanza kuganda haichuliwi, haipakwi theluji, wala haiwekwi juu ya kitu cha moto, kwani ganzi humzuia mtu kujua kuwa anaungua. Hupashwa kwa joto la mwili au maji ya vuguvugu. Basi mama akaipitisha mikono ile chini ya khanga yake na kuibana kwapani. Mtu mzima, mwenye watoto wawili, akatulia vile hadi vidole vilipoanza kuuma tena. Maumivu hayo ndiyo yaliyokuwa habari njema.

Baada ya muda unaokaribia saa moja, askari wa barabara kuu aliegesha nyuma yetu, taa zake zikimulika, akamhamishia mama na watoto katika gari lake. Likaja na bredauni. Fundi wake alilaza ubao chini ya jeki, akaifungua kila nati kwa nondo ndefu, akaijaza spea kwa mtungi wa hewa aliokuja nao. Haikumchukua robo saa. Kisha akatuonyesha tairi bovu. Lilikuwa na skrubu ambayo kichwa chake kilikuwa kimesagika hadi kuwa bapa, dalili kwamba ilikuwa humo siku nyingi. Ile taa ya njano ilikuwa ikisema kweli.

Kwanza watu, kisha tairi

Tumelitafakari tukio hili mara nyingi, nasi tumeona kwamba kosa letu kubwa halikuwa kutojua kufungua nati. Baba watoto anajua kubadili tairi vizuri. Kosa lilikuwa kudhani kwamba hatari ilikuwa katika tairi, ilhali tairi lililolala halimuui mtu aliyekwisha kusimama. Anayeua ni baridi, ni moshi, na ni magari yapitayo. Baridi ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri ikiandamana na upepo wa kilomita 24 kwa saa humpata mtu kama nyuzijoto 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya nusu saa. Anayeshika chuma kwa mkono mtupu huwahi zaidi. Ama magari, jimbo hilo lina sheria inayowataka madereva wahamie njia ya mbali wapitapo magari ya dharura yaliyosimama pembeni. Inaitwa kwa jina la Ted Foss, askari aliyegongwa na kuuawa mwaka 2000 akiwa kazini kando ya barabara kuu. Ikiwa askari mwenye taa za kumulika huuawa, mwenye koti jeusi aliyechutama kwenye giza ana ulinzi gani?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utaratibu tunaoushika sasa ni huu. Kwanza, ikiwa njia ya kutokea iko karibu, tunakwenda polepole hadi huko, hata kama tairi litaharibika, tairi hununuliwa. Pili, tukishindwa, tunasimama mbali kadiri iwezekanavyo, tunafunga mikanda, tunapiga simu, na tunabaki ndani. Tatu, bomba la moshi hutazamwa kabla ya jambo jingine lolote. Nne, hakuna anayeshika spana kando ya barabara kuu usiku wa baridi kali. Kukaa kusubiri si uvivu, nako ni kazi inayotaka moyo, hasa kwa mwanamume aliyezoea kujifanyia mambo yake.

Pancha ikitokea mahali salama, kama uwanja wa maegesho, kuna namna ya kuibadili. Barafu ikwanguliwe na ubao mpana uwekwe chini ya jeki. Mchanga au zulia la gari husaidia kuzuia utelezi. Gurudumu la upande wa pili lizuiwe, breki ya mkono ivutwe. Nati zilegezwe kabla gari halijainuliwa, na wakati wa kufunga zikazwe kwa kupishana, kisha zikazwe tena baada ya mwendo mfupi. Zile spea ndogo nyembamba huhitaji paundi 60, na kwa kawaida hazipaswi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Magari mengi mapya hayana spea kabisa, bali chupa ya dawa ya kuzibia tundu, na dawa hiyo huwa nzito katika baridi. Ni vyema kulijua hilo ukiwa nyumbani, si gizani.

Siku hizi, ikifika Oktoba, tunapima matairi yote, pamoja na lile la akiba, asubuhi kabla gari halijatembea. Ndani ya buti tuna ubao, koleo fupi, mfuko wa mchanga, tochi, blanketi mbili, glavu za ziada, biskuti na maji. Simu hukaa mfukoni karibu na mwili, kwani betri huishiwa upesi katika baridi.

Mama alirudi Tanga, Alhamdulillah, akiwa mzima. Vidole vya mwanawe vilipona, ingawa kimoja hupata ganzi mapema kuliko vingine kila msimu wa baridi ukirudi. Tunapompigia simu mama miezi hiyo, tukishamwamkia na kabla hajauliza habari za watoto, huuliza kwanza kama ile taa imezimika. Nasi hatumjibu mpaka mmoja wetu atoke na kipimo mkononi.