Neno Moja, Fasi Mbalimbali ku Ekra

Kwa nini programu ya BASIC inayotoka mu kitabu inaandika maneno fasi ingine kabisa, tukiiingiza mu mashini ingine?

BASIC ilizaliwa mwaka 1964 ku chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa mikono ya Kemeny na Kurtz. Wakati ule majibu yalitoka ku karatasi, mustari chini ya mustari, hakuna kurudi juu. Ekra zilipokuja, kila mutengenezaji alijitungia agizo lake. Fujo ilianzia pale.

Tuseme tunataka neno MAJI ku mustari wa 5, safu ya 10. GW-BASIC ya Microsoft inataka LOCATE 5,10: mustari kwanza, hesabu toka 1. MO5 ya Thomson, mashini ya Wafaransa ya 1984, ina LOCATE vilevile, lakini safu kwanza na hesabu toka 0: basi LOCATE 9,4. Amstrad CPC: safu kwanza, toka 1, ndiyo LOCATE 10,5. Spectrum ya Waingereza: PRINT AT 4,9. BBC: PRINT TAB(9,4). Ni kama hapa Kolwezi: avenue 5 nyumba 10 si avenue 10 nyumba 5. Ukigeuza, utabisha ku mulango wa watu wengine.

Mashini zile zimezeeka, lakini BASIC haijakufa. MMBasic ya Geoff Graham wa Australia, iliyoanza 2011, leo inatembea hata mu Raspberry Pi Pico, kiloko cha sentimetre 5 kilichotoka 2021. Humo agizo TEXT halihesabu mistari, linahesabu vidoti. Herufi ya kawaida ina vidoti 8 kwa upana na 12 kwa urefu. Safu ya 10 ni 9 mara 8, ni 72. Mustari wa 5 ni 4 mara 12, ni 48. Tunaandika TEXT 72,48,"MAJI". Ukiacha 5,10 za zamani, neno linaenda kujificha ku kona ya juu, na mashini haiseme kosa lolote. Kosa la kunyamaza njo baya zaidi. Tena ekra ya vidoti 320 kwa 240 ina mistari 20 tu: programu ya mistari 25 inapoteza 5 ya chini.

Hatari ingine: tanki la internati. Ekra inaonyesha litre 1000. Maji yanashuka, programu inaandika 950 juu yake, lakini sifuri ya mwisho inabaki: 9500! Mulinzi anaona maji ni mengi, hawashi pompi, na asubuhi ndoo ni tupu. Dawa ni kuandika nafasi tupu mbele ya namba: RIGHT$("     "+STR$(N),5). Inafaa mu GW-BASIC na mu MMBasic.

Sisi tunapenda kuweka kazi yote ya fasi ku mustari mumoja tu wa programu. L ni mustari, K ni safu, M$ ni neno, kisha GOSUB 9000. Mu GW-BASIC:

9000 LOCATE L,K:PRINT M$;:RETURN

Mu MMBasic:

9000 TEXT (K-1)*8,(L-1)*12,M$:RETURN

Ukihama mashini, unabadilisha 9000 peke yake. Usisahau nukta-mkato baada ya M$ mu ile ya kwanza: bila yenyewe, neno la mustari wa mwisho litasukuma ekra yote juu.