Mali Bila Daftari

Gauni linatundikwa mlangoni, linapigwa picha, picha inapandishwa Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, na chini yake yanaandikwa maneno mawili: bei inboksi. Kabla jua halijazama mteja wa Mwanza ameshatuma pesa kwa simu, na mzigo ulionunuliwa asubuhi Kariakoo uko stendi ya Magufuli ukisubiri basi. Biashara imeanza na kwisha bila fremu, bila kaunta, bila kibao. Ndiyo maana wengi wanaofanya kazi hii hawaiiti biashara. Husema wanajishikiza tu, wanatafuta ya mboga. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 haiulizi kama una fremu. Inauliza kama unapata mapato kutokana na biashara. Anayeuza friji lake la zamani kwa sababu anahama hajawa mfanyabiashara, lakini anayenunua kitu leo ili akiuze kesho kwa faida, na kesho kutwa akarudia, huyo ni mfanyabiashara hata kama duka lake zima linaenea kiganjani.

Akishakuwa mfanyabiashara, wajibu wa kwanza ni kupata namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ndani ya siku 15 tangu aanze biashara. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, huitoa bure. Baada ya hapo linakuja suala la kodi yenyewe, na hapa ndipo hofu inapowazidi watu kuliko hesabu. Kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, Sheria ya Fedha ya 2019 iliweka jedwali jepesi la kodi ya makadirio. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi kitu. Anayeuza kati ya milioni 4 na 7 hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu za hesabu. Akiwa nazo, hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Viwango hivi vinaweza kubadilishwa katika bajeti ya Juni, kwa hiyo muuzaji aulize TRA viwango vya mwaka wake. Lakini jambo la kulitazama hapa ni jinsi jedwali lilivyopangwa. Biashara ni ileile na mauzo ni yaleyale, ila kodi ni mbili, na kinachozitenganisha ni daftari.

Tufanye hesabu kwa magauni. Tuseme gauni limenunuliwa kwa 18,000, mfuko na vikorokoro vingine vimekula 1,000, na limeuzwa kwa 25,000. Faida ni 6,000. Milioni 4 kwa mwaka ni magauni 160, takribani matatu kwa wiki, na wapo wanaouza hayo bila hata kujiona wanauza sana. Aliyeuza magauni 168 amefikisha milioni 4 na laki 2. Akiwa na kumbukumbu, kodi yake ya mwaka ni asilimia 3 ya zile laki 2, yaani shilingi 6,000, faida ya gauni moja. Asipokuwa nazo, ni 100,000. Tofauti ya 94,000 ni faida ya magauni karibu 16, ambayo ameyahangaikia, ameyafunga na kuyasafirisha bila kubakiwa na kitu, kwa sababu tu hakuandika. Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakiwaonya wenye maduka ya kale. Jedwali la kodi limeupa msemo huo bei kwa shilingi.

Kuna wanaojibu kwamba wao wako chini ya milioni 4, kwa hiyo daftari haliwahusu. Ukweli ni kwamba aliye karibu na mstari ndiye anayelihitaji kuliko wote. Msamaha wa milioni 4 ni wa yule anayeweza kuonyesha kwamba hakuivuka, na simu yake inaweza kusema vingine. Katika laini ileile huingia pesa ya gauni, nauli ya bodaboda ambayo mteja ametuma ili apelekewe mzigo, mchango wa harusi ya binamu, na pesa ya ada aliyotumiwa na kaka. Taarifa ya miamala ya mwaka mzima ikichapishwa, vyote hivyo vinaonekana kwa sura moja: pesa imeingia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaipa TRA uwezo wa kudai taarifa na, pale ambapo mlipakodi hana kumbukumbu zake, kumkadiria kwa kadiri ya taarifa zilizopo. Asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 za kuweka pingamizi, lakini pingamizi huenda na ushahidi. Mtu atathibitishaje mwezi wa tisa kwamba ile laki 3 ya Februari ilikuwa ya harusi?

Kumbukumbu zenyewe si kazi ya mhasibu. Mstari mmoja kwa kila mauzo unatosha: tarehe, bidhaa, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, namba ya muamala, na nauli ya kusafirishia ikiwa imepitia kwako. Ukurasa wa pili ni wa manunuzi na gharama, na kila mstari uwe na risiti yake. Wajibu huu unaanzia Kariakoo, sokoni kwenyewe, kwa kumdai muuzaji wa jumla risiti halali hata anapokuahidi punguzo ukiiacha, na kwa wakala wa mizigo kutoka China, kwa kudai hati ya kile alicholipia bandarini. Laini ya biashara, au lipa namba, iwe mbali na ya nyumbani, ili mchango wa harusi usiwe mauzo. Kumbukumbu na risiti hizo zihifadhiwe miaka 5, kama sheria inavyotaka. Kwa anayelipa kwa mafungu manne, tarehe za kukumbuka ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kodi hii haina haki, kwa sababu hukatwa kwenye mauzo na si kwenye faida. Hoja hiyo ina ukweli. Muuzaji wa vocha au wa mchele, ambaye faida yake ni kidogo mno kwa kila shilingi ya mauzo, huumizwa kuliko muuzaji wa manukato aliyeuza kiasi kilekile. Tena ukomo wa milioni 4 ulikuwapo hata kabla ya 2019, wakati bei za bidhaa hazikusimama kuungoja. Wabunge wanapaswa kuusogeza, na wauzaji wadogo wana haki ya kulidai hilo kwa sauti. Lakini dai hilo nalo linahitaji takwimu. Wauzaji wanaoweza kufungua madaftari na kuonyesha kwamba asilimia 3 ya mauzo imekula sehemu fulani ya faida yao watasikilizwa tofauti na wanaosema tu kwamba maisha ni magumu. Kenya nako hali ni hiyohiyo: kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 za Kenya kwa mwaka, hailegezwi na gharama, na hulipwa kila mwezi. Sheria iliyoanza kutumika huko Desemba 2024 ikaongeza jambo: wenye masoko ya kidijitali wakate asilimia 5 ya malipo ya muuzaji mkazi kabla hayajamfikia. Upepo unavuma upande mmoja. Asiye na daftari atakatwa na wenye mitambo bila kujua kama amekatwa sawasawa.

Wengine wanaogopa kwamba kujisajili ni kujianika. Hofu hii haikuzuka hewani. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, kamatakamata ya risiti ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Serikali inayotaka watu wajitokeze lazima iwapokee kwa lugha ya ofisini, si ya doria. Ila muuzaji wa mtandaoni ajiulize: ni kipi ambacho hajakianika? Bei zake, bidhaa zake, namba yake na shukrani za wateja wake ziko wazi kwa kila mwenye simu. Kilichofichika ni hesabu tu, na hesabu iliyofichika humuumiza mwenyewe anapohitaji leseni ya halmashauri, mkopo wa benki au zabuni ndogo ya ofisi.

Biashara ikikua, yapo mengine ya kujiandaa nayo. Mauzo yakivuka milioni 11 kwa mwaka, risiti za kielektroniki, EFD, zinakuwa lazima, na siku hizi zinaweza kutolewa kupitia programu ya simu bila mashine ya mezani. Yakifika milioni 200, ukomo uliowekwa Julai 2023, linaingia suala la kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Anayeuza vipodozi na vyakula ahakikishe vimepita Shirika la Viwango, TBS, ambalo limebeba jukumu hilo tangu 2019. Na anayehifadhi majina, namba na anwani za wateja ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu. Kumwanika mteja aliyeghairi oda, kwa kuposti mazungumzo yake na namba yake, ni kujitafutia kesi. Katika haya yote anayeandika huwa na jibu mkononi: aliyeuziwa anajulikana, mzigo unajulikana ulikotoka, pesa inajulikana ilikokwenda.

Bei ya daftari la kurasa 200 haifikii faida ya gauni moja. Usiku wa leo, kabla hujaposti bidhaa ya kesho, andika mauzo ya leo.