Kiyoyozi Hakileti Baridi: Namna ya Kupunguza Gharama ya Kupoza Nyumba

Mtu wa Butembo akikuta makala juu ya kiyoyozi anaweza kuuliza inamhusu nini. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,700, na jioni tunatafuta sweta, si upepo. Lakini chukua Barabara ya Taifa nambari 2 ushuke Beni, kilomita hamsini na kitu tu, utakuwa umeteremka zaidi ya mita 500. Kwa kawaida joto la hewa huongezeka nyuzi sita au saba kwa kila mita 1,000 za kushuka, kwa hiyo Beni inatuzidi kwa nyuzi tatu hadi nne. Ukiendelea hadi Kasindi, kwenye bonde la Semliki, inazidi tena. Na wengi wetu tukishamaliza masomo tutafanya kazi huko chini, au Kampala, au Kinshasa, au Dubai ambako wafanyabiashara wetu wanakwenda kununua mali. Heri kulielewa jambo hili mapema.

Mimi nililielewa kwa kukosea tafsiri.

Yaya yangu anaishi Beni pamoja na mama yetu, ambaye ana ugonjwa wa shinikizo la damu na halali vizuri joto linapozidi. Katika miezi ya kiangazi, mabati yakishachomwa na jua tangu asubuhi, chumba chake kilikuwa kama tanuru hadi usiku wa manane. Yaya akachangisha ndugu, akanunua kiyoyozi kilichokwisha kutumika. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Akanipigia simu: “Mdogo wangu, si wewe unasomea lugha? Nisomee hiki kitabu.” Akanitumia picha za kurasa, nami nikamtafsiria kwa sauti jioni moja, kwa haraka na kwa majivuno kidogo. Baada ya siku nane alinipigia tena. Umeme alioununua kwa mwezi mzima ulikuwa umekwisha.

Nilirudia zile picha moja moja. Makosa yangu yalikuwa matatu, na kila moja linafundisha kitu juu ya gharama.

Kosa la kwanza: nguvu mbili kwa neno moja

Kwenye kibandiko cha mashine kulikuwa na namba mbili, wati 3,500 na wati 1,100. Zote mbili nilizitafsiri “nguvu”. Yaya akauliza nguvu ipi, nami nikamwambia ni nguvu tu, ya juu na ya chini. Sivyo. Ya kwanza ni kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa chumbani. Ya pili ni umeme inaokula ili kufanya kazi hiyo.

Mtu anaweza kushangaa: inakulaje kidogo na kufanya kazi kubwa? Ni kwa sababu kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Ndani ya mabomba yake inazunguka gesi maalumu. Ikiwa upande wa chumbani, gesi hiyo inageuka kutoka majimaji kuwa hewa na kumeza joto la chumba. Kisha kompresa inaibana na kuipeleka upande wa nje, ambako inalitema lile joto na kurudi kuwa majimaji. Ndiyo maana ukisimama nje nyuma ya mashine unapigwa na upepo wa moto. Upepo huo ndio joto la chumba cha mama, pamoja na joto la umeme uliotumika kulibeba. Kubeba ni rahisi kuliko kutengeneza, kwa hiyo uniti moja ya umeme inaweza kutoa uniti tatu za joto.

Mashine nyingi zimeandikwa pia herufi BTU. Ile ya yaya ni ya 12,000, na mafundi wanaiita ya tani moja. Jina hilo limetoka zama ambazo watu walipoza vitu kwa barafu: ni baridi ya tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, ikiyeyuka polepole kwa saa 24. Asubuhi mawingu yakitawanyika, mtu wa Beni anaiona theluji ya Ruwenzori kule juu. Afikirie kwamba kila siku anashushiwa kilo mia tisa za barafu ile ziyeyukie chumbani mwake. Hiyo ndiyo kazi tunayoiagiza tunapobonyeza kitufe, na kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa bure.

Kutokana na hapo tunapata kanuni ambayo ushauri wote unaofuata unaitegemea: kila joto linaloingia chumbani utalilipia kulitoa. Joto lisiloingia halina bei.

Kosa la pili: “chumba kipoe haraka”

Kitabu kilikuwa na sehemu inayoeleza kuanza kupoza. Mimi nikamwambia yaya, “Shusha namba mpaka 16, chumba kipoe haraka, halafu utapandisha.” Kitabu hakikusema hivyo, ni mimi niliyeongeza. Mashine ya kawaida ina mwendo mmoja. Ukiiwekea 16 au 26, inatoa joto kwa kasi ile ile. Namba ya rimoti inaiambia isimame wapi. Ukiweka 16 katika chumba chenye paa la mabati, inaweza isifike hata siku moja, na kompresa haitapumzika. Zile mashine mpya zinazoweza kubadili mwendo wa kompresa ni afadhali, kwa kuwa zikikaribia namba uliyoweka zinapunguza mwendo. Lakini hata hizo, ukiziomba 16, zitahangaika.

Nchi zenye joto kuliko sisi zimekwisha kulifikiria hili. Japani mwaka 2005 serikali ilianza kampeni ya kuwataka watu wa ofisini waache tai na koti ili viyoyozi viwekwe nyuzi 28. India, tangu mwanzo wa mwaka 2020, imeagiza kwamba viyoyozi vya chumba vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24, na idara yao ya matumizi bora ya nishati inakadiria kwamba kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa karibu asilimia 6 ya umeme. Kwa chumba cha kulala Beni, 26 inatosha. Mama mwenyewe alipowekewa 26 alisema sasa halazimiki kujifunika blanketi mbili kama aliyehamia Butembo.

Hapa feni inasaidia sana. Feni haipozi chumba. Inampoza mtu, kwa kukausha jasho lake. Feni ya mezani inakula kama wati 60. Tufanye hesabu ya usiku wa saa 8: feni inatumia uniti 0.48. Kiyoyozi cha wati 1,100, kompresa yake isipopumzika kabisa, kinatumia uniti 8.8. Zidisha kila moja kwa bei ya uniti unayolipa wewe, utaona tofauti ya mara kumi na nane. Basi kiyoyozi kipoze chumba kwa saa moja au mbili za kwanza, kizimwe, feni iendelee. Na mtu akitoka chumbani, feni izimwe pia, maana hakuna inayempoza.

Kosa la tatu: majira ya joto

Kitabu kilisema “katika majira ya joto” fanya hivi, na “katika majira ya baridi” fanya vile. Nilitafsiri neno kwa neno, na tafsiri ikawa sahihi bila kuwa na maana. Beni iko karibu nusu nyuzi tu kaskazini ya ikweta. Hatuna majira ya joto ya Ulaya. Hata Waswahili wa pwani, joto lao kali ni la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wakati ndugu zao walioko Muscat wanaungua kuanzia Mei hadi Septemba, wakati mwingine zaidi ya nyuzi 40. Kila mahali pana joto lake na njia ambayo joto hilo linaingilia. Mtafsiri aliyepaswa kumsaidia yaya angeuliza: katika nyumba ya Beni, joto linaingilia wapi?

Linaingilia kwanza juu. Kwenye ikweta jua la mchana linasimama karibu na utosi, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Bati ni jembamba, linapata moto upesi na kuumwaga chini kwa walio ndani. Bati lenye kutu linameza jua zaidi. Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote, weka dari, ile tunayoiita plafo, na uache nafasi kati yake na mabati ili hewa ya moto ipite na kutoka pembeni. Bati zee likipakwa rangi nyeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Babu zetu walioezeka nyasi hawakujua wati, lakini hawakulala chini ya tanuru.

Pili, ukuta wa magharibi. Kuta za kaskazini na kusini hazisumbuki sana kwetu, lakini ule wa magharibi unapigwa alasiri, wakati hewa imekwisha kupata moto. Mparachichi au mwembe uliopandwa upande huo kwa umbali wa kutoharibu msingi unafanya kazi kila siku bila kununuliwa uniti. Asiye na mti aweke kibaraza au pazia la nje. Kivuli kilicho nje ya dirisha kinafaa kuliko pazia la ndani, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia.

Tatu, usiku. Usiku wa Beni unapoa wenyewe, na ingekuwa rahisi kusema “fungua madirisha”. Lakini mwenye kusema hivyo hajui Beni. Tangu mwaka 2014, mauaji yalipoanza katika eneo lile, watu wanafunga milango na madirisha mapema. Tena kuna mbu, na malaria haina huruma. Ushauri unaofaa ni matundu ya hewa juu ya ukuta karibu na dari, pande mbili zinazotazamana, yenye nondo au matofali ya matundu na wavu wa mbu. Hewa ya moto hupanda na kutoka huko, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Siku unapowasha kiyoyozi, matundu hayo yazibwe kwa ubao, la sivyo utakuwa unapoza mtaa.

Nne, unyevu. Kiyoyozi cha kwanza cha zama zetu kilibuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba kwa unyevu na rangi kukosa kukaa mahali pake. Mpaka leo mashine inakausha hewa; yale maji yanayodondoka nje ndiyo unyevu wa chumba. Kuyakamua kunakula umeme. Kwa hiyo usianike nguo katika chumba kinachopozwa, wala usiache mvuke wa maharage ya jikoni uingie humo.

Yanayobaki ni madogo

Poza chumba kimoja, kile wanacholala, na uzibe upenyo wa chini ya mlango hata kwa kitambaa. Osha chujio la ndani kila wiki mbili, maana vumbi jekundu la kiangazi linaliziba na mashine inavuta kwa taabu. Sehemu ya nje ikae kivulini na mahali penye hewa. Ikibanwa ukutani au kufunikwa inarudiwa na joto lake yenyewe. Na kabla ya kununua, pima chumba. Mashine ndogo mno haipumziki. Kubwa mno inawaka na kuzima kila mara, inakula umeme na kuacha unyevu.

Nilipomaliza kuyaelewa haya nilimwandikia yaya ukurasa mmoja mpya. Sikuandika “mashine inaleta baridi” kama mwanzo. Niliandika “mashine inatoa joto”, kwa sababu niligundua kwamba sentensi ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimgharimu. Anayeamini kwamba baridi inaletwa anafungua mlango ienee nyumba nzima. Anayejua kwamba joto linatolewa anaufunga mlango lisirudi. Ni kitendo kimoja tu kilichobadilika, na Kiswahili chetu kilikuwa nacho muda wote.

Yaya aliweka dari kwenye chumba cha mama kwa pesa ambazo zingenunua umeme wa miezi michache. Uniti za mwezi sasa zinafika mwisho wa mwezi, na kuna usiku ambapo mama anasema mashine isiwashwe kabisa, feni yatosha. Mti wa upande wa magharibi bado unafika magotini. Tunaumwagilia.