Machungwa ya Kinole na Namba 61,741,120

Mkulima wa Kinole, kule kwenye miteremko ya Uluguru, akipanga machungwa yake mafungu ya tisatisa, ana kipimo tosha cha kukagulia namba iliyotangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022: 61,741,120, idadi ya watu nchini kwa Sensa ya mwaka huo.

Machungwa 10 hutoa fungu moja la tisa na kubakiza moja. Machungwa 100 hutoa mafungu 11, linabaki moja. Machungwa 1,000 hutoa mafungu 111, na hapo pia linabaki moja. Kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipo, hubakiza idadi yake yenyewe, na kupata baki la namba yoyote kwa 9 hakuhitaji kugawanya. Jumlisha tarakimu zake tu. Za namba yetu zinafika 22: mafungu mawili, baki 4.

Tukague. Tarakimu za Tanzania Bara, 59,851,347, zinafika 42, baki 6. Za Zanzibar, 1,889,773, zinafika 43, baki 7. Sita na saba ni 13, baki 4. Hesabu imelingana. Wanaume 30,053,130 wana baki 6, wanawake 31,687,990 baki 7. Tunarudi kwenye 4. Kwamba 6 na 7 zimejirudia ni sadfa tu.

Lakini tusikiamini kipimo hiki kupita kiasi. Mabaki yakitofautiana, kosa lipo. Yakilingana, kosa laweza kuwa limejificha: karani akiandika 14 badala ya 41, au 0 badala ya 9, baki halibadiliki.

Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe pia haigawanyiki. Tukipangwa watatu watatu kama mafiga, mmoja anabaki peke yake. Saba saba tunaenea bila baki, makundi 8,820,160. Ukiivunja hadi kwenye namba tasa, unapata 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641, zote zikizidishwa pamoja. Unaweza kuchukua 2 kwa njia saba, kuanzia kutoichukua kabisa hadi kuichukua mara sita. Kila moja ya zile nne nyingine ama unaichukua ama unaiacha. Saba mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 ni 112, na hiyo ndiyo idadi ya vigawo vyake.

Hiyo 641 ina sifa yake. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Sasa zamu yako, msomaji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 43,625,354 Bara na 1,303,569 Zanzibar, jumla 44,928,923. Chukua kalamu, toa mafungu ya tisa. Baki lako lazima liwe 5.