Protini ya MYC na Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Magego ya mtoto wa miaka 6 yanapolegea na shavu kuvimba, wengi humpeleka kung'olewa jino. Lakini umri huo ni wa kung'oka meno ya mbele, si magego. Katika maeneo yenye malaria nyingi, huenda ikawa ni limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Mulago, Kampala.

Asili yake imo ndani ya mfumo wa kinga wenyewe. Seli B inapokutana na kijidudu inachokitambua, hutengeneza protini iitwayo MYC. Hii hushika DNA na kuziamsha jeni nyingi, seli ikakua na kugawanyika mara nyingi hadi kingamwili zitoshe. Kazi ikiisha, jeni ya MYC hunyamazishwa. Kuiita protini hii adui, kama tulivyozoea, si haki. Bila yake kinga ingedhoofu.

Balaa huanza seli B inapoboresha kingamwili zake, kwani kazi hiyo hudai DNA ikatwe na kuungwa upya. Mara chache huungwa pasipo pake: jeni ya MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, aghalabu kwenda ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo katika seli B hufanya kazi daima. Tangu hapo hainyamazi tena. Malaria ya mara kwa mara huchochea ukataji huo, na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe huu huu, huzisaidia seli zilizoharibika zisife.

Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Basi wiki mbili za antibiotiki ni nyingi mno. Meno yanayolegea bila kuoza, au tumbo linalovimba haraka, hudai kinyama kichukuliwe upesi kwa uchunguzi wa patholojia.

MYC haina umbo ambalo dawa hulishika kwa urahisi. Hata hivyo, kasi ile ile huifanya saratani hii iitikie vyema saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Watoto wengi wanaowahishwa na kumaliza tiba hupona. Hatari iko siku za mwanzo: seli hufa kwa wingi na mabaki yake huweza kudhuru figo. Mtoto apewe maji ya mshipa na alopurinoli kabla ya dozi ya kwanza, na mkojo upimwe. Mzazi akiona umepungua, amwarifu muuguzi papo hapo, hata usiku.