Radi ya Sake, mvua ya Kalehe

Hali ya hewa na maamuzi ya serikali: sehemu ya pili

Karibu na Sake, juu ya kila kilomita moja ya mraba, radi humweka mara 143 kwa mwaka. Hesabu hiyo haikufanyiwa Sake, wala Goma, wala Kinshasa. Ilifanywa na chombo kilichofungwa kwenye setilaiti ya TRMM, ambayo Marekani na Japani ziliirusha Novemba 1997 ili ichunguze mvua za nchi za joto. Mwaka 2016 Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo na wenzake walichambua miaka 16 ya kumbukumbu za chombo hicho, wakapanga orodha ya mahali ambapo radi humweka kwa wingi kuliko kwingine duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza, kwa mimweko 233. Pa pili ni Kabare, 205. Pa tatu ni Kampene, kule Maniema. Sake ni ya tano. Kati ya mahali patano, patatu ni petu, mashariki mwa Kongo, na Sake yenyewe imo ndani ya teritwari ya Masisi.

Kabla ya hapo vitabu vilikuwa vikitaja kijiji cha Kifuka, huku huku kwetu, kwa mimweko 158. Jina limebadilika, mtaa ni ule ule.

Tarakimu hizi zataka kusomwa kwa uangalifu. Jina la Sake limewekwa kwa sababu ndio mji ulio karibu na mraba uliopata hesabu kubwa, na mraba wenyewe una upande wa kilomita kumi hivi. Mahali hasa panaweza kuwa kwenye mgongo wa mlima ambao hauna hata jina katika ramani. Pia setilaiti hiyo haikuwa imesimama juu yetu. Kila ilipopita iliweza kuutazama mlima mmoja kwa muda wa dakika moja na nusu tu, ikaenda zake, ndiyo maana miaka mingi ilihitajika ili wastani utulie. La muhimu zaidi: mimweko mingi hubaki mawinguni, haifiki ardhini. Basi mtu wa Masisi asidhani kwamba shamba lake hupigwa mara 143. Hupigwa mara chache zaidi, na hizo chache zinatosha.

Kwa nini hapa? Upepo wenye unyevu hutoka magharibi, kutoka bonde kubwa la Kongo, ukipita juu ya msitu wa Walikale ambao nao hutoa mvuke wake mchana kutwa. Walikale ni nchi ya chini. Masisi ni nchi ya juu, malisho yake mengi yakipita mita 2,000. Upepo ukifika kwenye mteremko hauna njia ila kupanda, na hewa ya moto yenye maji ikipandishwa ghafla hujenga wingu refu ajabu. Kilele cha wingu hilo ni barafu tupu. Vipande vidogo vya barafu hupaa, vipande vizito vya mvua ya mawe hushuka, vinagongana, na katika kugongana huko vidogo huchukua chaji chanya kwenda nayo juu, vizito hubaki na chaji hasi katikati na chini. Tofauti ikizidi kiasi hewa haiwezi tena kuizuia. Ziwa Kivu nalo huongeza pepo zake kutoka upande wa mashariki. Mkongomani Jean Kigotsi, pamoja na Serge Soula na Jean-François Georgis wa Toulouse, waliyafuatilia mambo haya kwa mtandao wa vituo vya redio vinavyosikia radi kutoka mbali. Maandishi yao ya mwaka 2018 yanalinganisha sehemu mbili za bonde la Kongo zenye radi nyingi zaidi, na iliyo kuu ni hii ya magharibi mwa milima yetu.

TRMM ilimaliza kazi mwaka 2015. Desemba 2022 Ulaya ilirusha setilaiti nyingine yenye jicho la radi, nayo haitupiti: huzunguka sambamba na dunia juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, ikiitazama Afrika usiku na mchana. Radi ikipiga Nyabiondo, hapa Masisi, leo alasiri, habari zake zitakuwa Ulaya kabla mvua haijakatika.

Hapo ndipo swali la mfululizo huu linapoanza. Utafiti upo, tena wa kiwango cha juu, na jina la Sake limo ndani yake. Je, umebadilisha nini katika uamuzi wa mtu yeyote mwenye madaraka?

Tuanze na vifo. Setilaiti huhesabu mimweko, haihesabu maiti. Mtu akipigwa na radi kijijini Masisi, habari hufika kwa chifu, kwa kanisa, pengine kwa redio ya Goma, na mara nyingi huambatana na swali la nani aliyeituma. Oktoba 1998 iliripotiwa kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja katika mechi ya Kasai ya Mashariki, na wale wa timu nyingine wakatoka wazima. Watu hawakuhitaji ushahidi zaidi: ni uchawi. Mimi siwacheki. Anayeona upande mmoja wa uwanja umelala na upande mwingine umesimama ana haki ya kuuliza. Lakini radi inapogonga ardhi, mkondo husambaa udongoni, na nguvu yake hupungua kadiri inavyoenda mbali. Walio karibu huanguka, walio mbali hubaki. Aliyetanua miguu huumia kuliko aliyeibana, kwa maana mkondo hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, hufa kwa wingi, na wafugaji wa Masisi waliokuta kundi limelala chini ya mti mmoja wanalijua hilo bila kufundishwa. Kifo kinachoandikwa kuwa ni cha uchawi hakiingii katika hesabu ya afya, na kisichoingia katika hesabu hakipati bajeti. Tena kinazaa kifo cha pili, cha bibi kizee anayeshukiwa.

Jirani zetu wamejifunza kwa gharama. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, Uganda. Baadaye ukaanzishwa mtandao wa ACLENet wenye makao Kampala, unaozifungia shule kinga za radi, na Runyanya ikawa miongoni mwa shule za kwanza kulindwa. Rwanda ilipata pigo lake tarehe 10 Machi 2018, siku ya Sabato, waumini 16 walipofariki kanisani huko Nyaruguru. Novemba 2024 ikawa zamu ya wakimbizi wa Palabek, kaskazini mwa Uganda: watu 14, wengi wao vijana, waliokuwa wamekusanyika kwa ibada mvua ilipowakuta. Shule, kanisa, kambi. Ni pale pale ambapo watu wengi hukaa pamoja chini ya bati au turubai wakiamini wamejikinga. Bati huzuia mvua. Radi haizuiwi na bati lililokaa juu ya miti mikavu bila waya wa kuipeleka ardhini.

Kinga yenyewe, paratoneri, si kitu cha maajabu: fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba, na vyuma vilivyozikwa ardhini. Sehemu ngumu ni hiyo ya tatu. Wahandisi hutaka ukinzani wa ardhi uwe chini ya omu 10. Katika udongo mfinyanzi wa Masisi ya kati hilo linawezekana. Sake na Goma zimejengwa juu ya mawe ya volkano, ambayo hayapitishi umeme vizuri, na fundi anayefunga fimbo nzuri juu ya paa kisha akachomeka chuma kimoja kati ya mawe amemletea mwenye nyumba radi bila kumwonyesha mlango wa kutokea. Hapa sera si kusema “kila shule iwe na paratoneri”. Sera ni kusema nani ataipima ardhi, kwa kifaa gani, na atarudi lini kuona kama shaba bado ipo, maana shaba ina wanunuzi.

Sasa tuvuke mpaka wa mkoa, twende Kalehe, Kivu ya Kusini, kwa sababu huko kuna upande wa pili wa jambo hili. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe na miti, Nyamukubi na Bushushu zikafagiliwa. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Siku mbili kabla, mvua za namna hiyo zilikuwa zimeua zaidi ya 130 Rwanda. Mwezi mmoja kabla, huko kwetu Masisi, Bulwa karibu na Bihambwe, mlima uliporomoka ukaua watu karibu ishirini, wengi wao wanawake na watoto.

Kundi la wanasayansi wa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kuuliza kama joto la dunia limezidisha janga fulani, walilichukua suala la mafuriko ya Ziwa Kivu. Juni 2023 walitoa jibu ambalo si la kawaida kwao: takwimu za mvua ni chache mno, hatuwezi kusema. Hawakusema kwamba mabadiliko ya tabianchi hayahusiki. Walisema hakuna cha kupimia.

Msomaji ataona ajabu. Mahali panapojulikana kuliko karibu pote duniani kwa radi, hapajulikani kwa mvua. Sababu ni ya kifizikia kabla haijawa ya kisiasa. Mmweko ni mwanga, unaonekana kutoka juu, hauhitaji mtu wa chini. Mvua inayofika ardhini setilaiti huikisia kutokana na wingu na chembe zilizomo, na milimani makisio hayo hupotea: bonde moja hupata milimita 80, la jirani 15, na kutoka juu yanaonekana sawa. Kinachosahihisha makisio ni kipimamvua, na mtu wa kukisoma kila asubuhi.

Watu hao walikuwepo zamani. Taasisi ya kilimo ya wakoloni, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933 na kuwa na kitovu chake Yangambi, ilisambaza vituo kote nchini, kwa faida ya kahawa, michikichi na kwinini, si kwa faida ya mkulima wa maharagwe. Hata hivyo madaftari yalibaki. Ndiyo yaliyomwezesha Franz Bultot kutoa atlasi ya tabianchi ya bonde la Kongo katika miaka ya 1970. Baadaye mishahara ilikatika, vita vikaja, vituo vikanyamaza kimoja kimoja. METTELSAT, wakala wa taifa wa hali ya hewa, umerithi nchi ya kilomita za mraba 2,345,000 na vituo vichache mno.

Rwanda nayo ilipoteza vituo vyake mwaka 1994, na kwa takriban miaka 15 pakawa na pengo. Ilichofanya ni kushirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia, katika mpango ambao Mwethiopia Tufa Dinku ni mmoja wa waasisi wake, kuchanganya vipimo vichache vilivyobaki na makisio ya setilaiti ili pengo lizibike. Njia hiyo inafaa, lakini haifanyi kazi pasipo chochote cha ardhini: ni lazima pawe na vipimo vya kweli, hata vichache, vya kusahihishia.

Ndiyo maana naona kosa watu wa mikutano wanaposema kwanza tununue rada. Rada inataka umeme, fundi, vipuri na amani. Mwalimu wa Kitchanga anaweza kupewa kipimamvua cha plastiki na daftari kesho. Hata katika vita, shule na zahanati za makanisa zimeendelea kufunguliwa mahali ambapo ofisi za serikali zilifungwa. Uwanja wa ndege wa Goma, kwa mfano, ulifungwa Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini. Mvua haikungoja ufunguliwe.

Kuna maamuzi mengine ambayo hayahitaji hata kipimo kipya. Ngurumo zetu hukusanyika zaidi alasiri. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na shule nyingi zina zamu mbili. Watoto wa zamu ya mchana ndio wanaorudi nyumbani milimani saa ile ile wingu linapopasuka. Mkuu wa shule anayeruhusiwa kuwazuia darasani hadi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, bila kuulizwa na wakaguzi, ameokoa zaidi kuliko tamko lolote la waziri. Lakini ruhusa hiyo iandikwe, maana mzazi atakuja kuuliza mwanangu yuko wapi na giza limeingia.

Na Omate? Huko Walikale, kwenye dhahabu, mchimbaji hufanya kazi maji yakimfika magotini, chuma mkononi, kwenye uwazi uliokatwa miti. Kanuni za madini zinakataza mashimo ya wachimbaji wadogo kupita mita 30 kwenda chini. Wapo mawakala wa SAEMAPE, wanaopaswa kuangalia usalama na ambao wachimbaji huwafahamu zaidi kwa ushuru. Kuhesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, na kila sekunde tatu ni kilomita moja, ni jambo ambalo wakala yeyote anaweza kulifanya bila vifaa. Ikiwa sekunde ni chini ya 30, watu watoke majini, waweke vyuma chini, waachane na miti mirefu. Mwenye shimo atalalamika kwamba saa yake imepotea. Kwa hiyo agizo litoke kwa idara ya madini ya mkoa, lisiachwe kwa wakala wa pale chini, ambaye mwenye shimo ndiye anayemlisha.

Juma lijalo: barabara ya Sake kwenda Walikale, na kwa nini daraja hujengwa kwa kimo cha mto wa mwaka jana.